Ndoo Nyepesi ya Alhamisi

Saa tano na robo asubuhi, bwalo la shule ya Harjula limejaa kelele za vijiko na harufu ya njegere. Nje theluji inaanguka tangu alfajiri. Watoto wanapita mmoja mmoja mbele ya ndoo ya mabaki, wanakung'uta sahani, wanapanga vyombo kwenye troli, kisha wanakwenda zao kutafuta makoti.

Virpi Kallunki amesimama kando ya ndoo hiyo, mikono mifukoni, macho kwenye mizani iliyo chini yake. Hakuja kupima leo. Kupima kulikwisha kabla ya Krismasi na ripoti iko mezani kwa wakubwa. Amekuja kuchukua mizani yake tu, arudi kwao. Lakini mpishi alikuwa bado hajaiondoa chini ya ndoo, na jicho la mpimaji halijui likizo.

Ndoo ni nyepesi. Zaidi ya nusu ya shule imeshapita, na bado ni nyepesi.

"Raili," anamwita mpishi, "umeimwaga hii katikati ya chakula?"

"Nimwage nini? Hamna kitu humo!" anajibu Raili Mustonen, mwanamke wa miaka sitini aliyezeekea katika jiko hili, huku akifuta mikono kwenye aproni. "Leo Alhamisi, bibie. Supu ya njegere na pankeki. Alhamisi mimi nalinda sahani zenyewe wasije wakazila."

Raili anaangua kicheko. Virpi hacheki. Uso umempauka, na mkono mmoja umetoka mfukoni kushika ukingo wa troli.

Mtu mwingine angeona ndoo nyepesi akashukuru Mungu kwamba watoto wamekula. Virpi ameona balaa. Saa kumi na moja jioni ya siku hiyohiyo, kamati ya elimu ya mji mdogo wa Pajuvaara, mashariki mwa Ufini, inakaa kuamua kama uji wa bure wa asubuhi uendelee au ukome. Na ripoti itakayowekwa mbele yao, yenye jina lake kwenye jalada, inasema watoto wanaokunywa uji hutupa chakula kingi zaidi cha mchana kuliko wenzao.

Virpi ana miaka arobaini na sita. Ni mtathmini wa miradi ya lishe. Serikali au mji ukianza kulisha watu kwa fedha ya umma, yeye ndiye anayetumwa kwenda kuona kama chakula kile kinafika tumboni, na kama kikifika kinabadilisha chochote. Alisomea lishe chuo kikuu, tasnifu yake ikawa juu ya chumvi katika milo ya wazee, na tangu hapo ameishi kwa mikataba, mwaka huu hapa, mwaka ujao pale. Mshahara wake ni yuro elfu tatu na mia mbili kwa mwezi kabla ya kodi, miezi ambayo mshahara upo.

"Mama yangu kila nikimpigia simu ananiuliza, 'Bado unapima takataka?'" anasema. "Namwambia, mama, hii ni sera ya lishe ya umma. Ananijibu, 'Haya mwanangu, ila unawe mikono.'"

Watoto wa Harjula nao wamempa jina lao. Wanamwita Shangazi Ndoo.

Chakula cha mchana shuleni ni bure nchi nzima na hakuna anayelibishania hilo. Ugomvi wa Pajuvaara ni uji. Watoto wa vijiji vya mbali hufuatwa na teksi ya shule saa kumi na mbili asubuhi, giza totoro, wengi wao hawajatia kitu mdomoni. Walimu walilalamika kwamba kufikia kipindi cha pili watoto wanalala au wanagombana. Basi miaka miwili iliyopita mji ukaanza kupika uji wa shayiri katika shule mbili za mjini, sahani moja kwa kila anayetaka, na donge la siagi linayeyuka katikati.

Maneno yakaanza. Gazeti la mji likajaa barua. Kwamba wazazi wanafundishwa uvivu. Kwamba watoto wanashindiliwa uji asubuhi halafu chakula cha mchana, kilichonunuliwa kwa kodi hiyohiyo, kinakwenda jalalani. Hoja ya pili ndiyo iliyouma, maana inapimika. Mji ukaomba tathmini, na taasisi moja ya utafiti ikamtuma Virpi na mizani yake.

Vuli nzima alikuja. Anaishi Kuopio, mwendo mrefu kwa gari, kwa hiyo alijipangia safari moja kwa wiki. Jumanne alipima katika shule mbili za uji. Alhamisi, akiwa njiani kurudi, alipima katika shule mbili za ng'ambo ya ziwa ambazo hazina uji, ili alinganishe. Mpango ulipita kwa bosi wake, ukapita kwa mtaalamu wa takwimu, ukapita kwa afisa elimu wa mji. Wote waliusoma na wote wakaupitisha.

Na tusidanganyane, supu nayo ilikuwa na mkono wake katika ratiba ile. Mpishi wa ng'ambo ana pankeki ya kuoka ambayo pembe zake zinakauka vizuri, na humwekea Virpi pembe. Nani katika nchi hii atapita karibu na supu ya njegere siku ya Alhamisi asigeuze usukani? Alhamisi ni njegere shuleni, ni njegere jeshini, ni njegere hospitalini na kwenye kantini za viwanda, tangu enzi za mababu ambao hakuna tena anayewakumbuka kwa majina. Mtu haambiwi. Anaamka siku hiyo na ulimi wake unajua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

"Tungekuwa na mgeni mmoja tu kazini kwetu, angeuliza wiki ya kwanza," anasema Virpi. "Angesema, kwani Alhamisi wanakula nini? Sisi sote ni wenyeji. Hatukuiona kabisa."

Pale bwaloni, Raili ndiye anayegundua kwanza kwamba mwenzake hayuko sawa.

"We Virpi, una nini? Kaa chini. Umekula?"

"Raili, Jumanne huwa unapika nini?"

"Si unajua? Samaki. Au maini ya kuoka na zabibu kavu."

"Na watoto wanapenda?"

"Samaki wanavumilia. Maini, hee, maini wanachokoa zabibu wanazila, vilivyobaki..." Raili anaonyesha ndoo kwa kidevu.

"Na kule ng'ambo, ambako hakuna uji, mimi nilikuwa nakwenda siku gani?"

Raili anafungua mdomo kujibu, halafu anauziba kwa aproni. Wanatazamana. Troli inalia nyuma yao mtoto wa mwisho anapoweka glasi.

"Ole wangu," anasema Raili. "Umelinganisha maini yangu na pankeki ya yule mama?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo watoto wangu hawatupi chakula!"

"Sijui, Raili. Hapo ndipo penyewe. Sijui."

"Hujui? Wiki nzima nimelala nikilia, nikisema labda nawajaza uji mwingi, labda kosa langu, nawe unaniambia hujui? Na kila Jumanne nakupa kahawa yangu mwenyewe ya nyumbani!"

Anamgeuzia mgongo, anafungua bomba, maji yanamwagika kwa nguvu kwenye sinki. Muda si mrefu anayafunga. Anarudi na kikombe cha kahawa, anamwekea Virpi mbele yake.

Virpi hainywi kahawa hiyo. Anatoka nje, anaingia garini, vioo vimefunikwa na theluji kiasi kwamba humo ndani ni nusu giza, na anampigia bosi wake, Jouni Ryhänen. Mazungumzo hayo anayakumbuka neno kwa neno.

"Jouni, ripoti ina kosa."

"Kosa la herufi?"

"La Alhamisi."

Akamweleza siku za kupima, shule kwa shule.

"Mungu wangu," alisema Jouni. "Nami leo nimekula supu mbili."

"Kamati inakaa saa kumi na moja."

"Sikiliza. Sikuambii useme uongo, unanijua. Nakuambia tulia kwanza. Tutaandika nyongeza wiki ijayo, sentensi mbili kwenye sehemu ya mapungufu, kwa heshima. Ukisimama leo mbele ya watu na kusema umepima ovyo, kesho gazetini. Na unajua wiki ijayo tunachagua timu ya utafiti wa taifa. Miaka minne, Virpi. Jina lako lipo juu."

"Wiki ijayo uji utakuwa umeshafutwa."

"Na ukisema, ukarudia kupima, halafu ukakuta ndoo bado nzito? Utakuwa umejichoma moto kwa sababu ya nini?"

Hapo ndipo alipomshika Virpi pabaya. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi huohuo. Utafiti wa taifa ungekuwa kazi ndefu kuliko zote alizowahi kupata, na katika kazi hii jina likichafuka halisafishwi kwa sabuni. Na ukweli wenyewe aliotaka kwenda kuusema haukuwa hata na sura nzuri. Asingeweza kusimama na kutangaza kwamba uji unafaa. Angesema tu kwamba hajui.

"Niliwasha gari," anasema. "Nilitaka kwenda nyumbani. Naona aibu kusema lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikakumbuka mizani nimeisahau tena."

Aliporudi ndani, kwenye korido ya makoti alimkuta msichana wa darasa la pili amekaa kwenye benchi, buti miguuni, anasubiri teksi. Jina lake Neea. Yeye ni wa vijiji vya mbali kabisa, wale wanaofika wa kwanza kwenye uji na kuuliza kama leo siagi ni kubwa.

"Shangazi Ndoo," alisema Neea, "ni kweli uji unaondoka?"

"Bado hawajaamua."

"Kaka yangu anasema unaondoka kwa sababu yetu. Kwa sababu tunatupa sana." Akatazama buti zake. "Mimi nilitupa maini. Mara nyingi."

Virpi anaposimulia hapa, anageukia dirishani. Anasema alitaka kumwambia mtoto yule si kosa lako, lakini mdomo ulikataa kufunguka, kwa sababu ripoti iliyosema ni kosa lake ilikuwa imeandikwa na yeye mwenyewe. Teksi ikapiga honi. Neea akaondoka.

Saa kumi na moja jioni, jua limeshazama zamani, wajumbe wa kamati wamekaa kuzunguka meza ndefu katika ofisi za mji. Kahawa ipo, vitumbua vya iliki vipo, kama katika kila kikao cha nchi hii, maana pasipo kahawa akidi haijatimia. Anayeongoza ni Kalervo Puttonen, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu mkubwa mwenye mikono mizito, ambaye hadharani ameshasema uji ni jambo la nyumbani. Afisa elimu anaanza kusoma muhtasari wa ripoti. Virpi ananyosha mkono kabla ukurasa wa kwanza haujaisha.

"Naomba msiutumie ukurasa huo," anasema. "Nimepima vibaya."

Kisha anaeleza. Anaeleza kwa maneno machache, bila kumtaja bosi wala mtaalamu wa takwimu. Shule za uji Jumanne, samaki na maini. Shule zisizo na uji Alhamisi. Hana haja ya kusema Alhamisi kuna nini. Anapofika hapo, watu wawili wanaweka vikombe chini kwa wakati mmoja.

Kalervo anafungua ripoti, anageuza kurasa hadi kwenye siku za kupima.

"Kwa hiyo uji unafaa," anasema Kalervo.

"Sijui."

"Kwa hiyo haufai."

"Sijui pia."

"Mama, tumekulipa vuli nzima uje utuambie hujui?"

"Ndiyo," anasema Virpi. "Leo ndivyo ilivyo. Mkiufuta uji, ufuteni kwa sababu zenu wenyewe. Msiufute kwa sababu ya ndoo yangu, na msiwaambie watoto kwamba ni kosa lao. Hilo halijapimwa."

Kalervo anafunga ripoti. Anasugua kidevu. Kisha anageukia meza.

"Leo mchana mmekula nini?"

Mmoja anakohoa. Mjumbe mwanamke mwisho wa meza anaanza kucheka kimyakimya, mabega yanatikisika, na kicheko kinaanza kupita kutoka mtu hadi mtu.

"Supu ya njegere," anasema mwingine.

"Supu ya njegere," anakubali Kalervo. "Nami mke wangu aliniongezea. Ripoti hii nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kuishika, na siku za kupima zimeandikwa humo wazi kabisa." Hacheki, lakini sauti imelegea. "Msimamo wangu juu ya uji ni uleule, mkae mkijua. Ila siwezi kumpokonya mtoto sahani kwa sababu ya pankeki."

Uamuzi ukaahirishwa hadi kikao cha kabla ya Pasaka. Uji utapikwa hadi hapo. Shule zote nne zitapimwa upya, siku moja, chakula kimoja, na mji hautaongeza hata senti. Virpi atapima kwa muda uliobaki katika mkataba wake, na ukiisha kabla ya kazi, atamalizia kwa muda wake mwenyewe. Usiku huo Jouni alimtumia ujumbe mfupi: "Nimesikia. Tutazungumza." Hadi habari hii inaandikwa, hawajazungumza, na majina ya timu ya utafiti wa taifa hayajatoka. Kila simu ikilia Virpi anashtuka.

"Nalala nikiamka," anasema. "Nahesabu mambo mengine ambayo huenda sikuyaona. Vipi kama kuna Alhamisi nyingine humo ndani, ya aina nyingine? Mwenye kazi hii hana usingizi, na akiwa nao, basi muulizeni anapima nini."

Jumanne iliyofuata yuko tena Harjula. Ng'ambo ya ziwa, na katika shule ya pili ya uji, wanafunzi watatu wa chuo wamesimama na mizani za kuazima. Shule zote nne leo ni maini ya kuoka, yenye zabibu kavu na kijiko cha jamu nyekundu ya matunda ya msituni. Raili alijitolea mwenyewe kuyapika. Alisema kama ni kupimwa, basi apimwe na adui wake mkubwa.

Lakini leo kuna jambo jipya bwaloni, na Virpi analiona mara tu anapoingia. Watoto wamenyamaza. Wanakula maini wameinamisha vichwa, wanatafuna, wanashushia maziwa. Habari za mkutano zimeshafika kwenye teksi za asubuhi. Neea amekaa peke yake pembeni, macho yamejaa machozi, shavu limevimba tonge ambalo halimezeki.

Virpi anaacha ndoo na kwenda kuchutama kando yake.

"Neea. Unafanya nini?"

Msichana anameza kwa shida. "Nasaidia uji."

"Siku zote maini unayafanyaje?"

"Nakula zabibu. Na jamu."

"Basi kula zabibu na jamu."

"Lakini ndoo itakuwa nzito."

"Ikiwa nzito, iwe nzito. Kazi ya ndoo ni yangu. Yako ni kula kama unavyokula siku zote."

"Hata kama uji utaondoka?"

Raili amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, anasikiliza. Baadaye Virpi atasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo, na kwamba kama angepewa nafasi ya kudanganya mara moja tu maishani, angeitumia pale.

"Hata kama," anasema.

Anasimama, anawatangazia watoto wote waliomo bwaloni kwamba leo hakuna wa kumsaidia mtu, kila mmoja ale alivyozoea. Minong'ono inaanza, halafu kelele, halafu vijiko.

Akiulizwa anatarajia nini, hajifichi. "Natamani uji ushinde. Natamani sana, naiogopa hata mikono yangu ninapoandika. Kama kazi ile ya taifa nitaipata, kitu cha kwanza nitakachoomba ni mtu wa kutoka mbali wa kukaa nasi mezani na kuuliza maswali ya kijinga. Nikiikosa, nitatafuta ndoo nyingine. Ndoo hazikosekani."

Neea anakuja na sahani yake. Zabibu zimekwisha, jamu imekwisha. Anamtazama Shangazi Ndoo mara moja zaidi, kama anayetaka kuhakikisha, kisha anainamisha sahani, na maini yote yanadondoka ndani.

Mizani inapanda. Virpi anaisoma, anaandika kama ilivyo, na kumwambia asante.